Ggaba yaipima ‘Queen of Katwe’ kwa mizani ya sokoni

Mtaji dola milioni 15. Mauzo dola milioni 10 na ushei, na hapo wenye kumbi za sinema hawajakata sehemu yao. Mfanyabiashara yeyote wa Busia, Mutukula au Mpondwe akionyeshwa hesabu hiyo atauliza swali moja tu: mzigo ulikwama wapi?

Mzigo wenyewe ni filamu. Queen of Katwe ilitengenezwa na kampuni ya Disney ya Marekani, ikapigwa hapa Kampala na sehemu nyingine Afrika Kusini, kisha ikazinduliwa katika tamasha la Toronto Septemba 2016. Huko watazamaji waliipigia kura ikashika nafasi ya tatu, nyuma ya La La Land na Lion. Mwongozaji wake, Mira Nair, alikuwa tayari na tuzo ya Simba wa Dhahabu wa Venice aliyoipata mwaka 2001 kwa Monsoon Wedding. Lupita Nyong'o, aliyecheza kama mama, alikuwa na Oscar yake ya mwaka 2014. Tarehe 1 Oktoba 2016 wakubwa wote hao walifika Acacia Mall, hapa Kampala, zulia likatandikwa, picha zikapigwa, na magazeti yakajaa. Uganda ilikuwa haijawahi kuonekana hivyo kwenye sinema kubwa ya Marekani: bila Idi Amin, bila Kony, msichana tu anayeuza mahindi na kucheza sataranji, mchezo ambao hapa wengi huuita chesi.

Sasa filamu hiyo imeanza kuulizwa tena. Sababu si chesi. Mwana wa Mira Nair, Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, aliapishwa Januari 1 mwaka 2026 kuwa meya wa New York. Watu waliposikia kwamba kijana huyo aliwahi kufoka katika wimbo wa filamu ya mama yake, akijiita Young Cardamom, wakataka kuiona. Na huku Ggaba jambo hilo liko karibu zaidi, maana Maisha, shule ya filamu aliyoianzisha mama huyo mwaka 2004, ina bustani yake juu kilimani Buziga, mwendo mfupi wa boda boda kutoka sokoni.

Msomaji ambaye hajafika Ggaba, na awe anajua hivi: ukitoka katikati ya jiji ukapita Kabalagala, Kansanga na Bunga, barabara inakwisha majini. Pale ndipo penye mwalo na soko. Samaki wanashuka, ndizi na nyanya zinashuka, na mukene hupimwa kwa mikebe. Wa Mwanza atawaita dagaa, wa Kisumu atawaita omena, lakini mnunuzi wa kutoka Kasindi hajali jina mradi wamekauka vizuri. Jirani na mwalo kuna mitambo ya Shirika la Taifa la Maji, inayovuta maji ya ziwa na kuyasukuma mjini. Sehemu kubwa ya maji ya bomba inayonywewa Kampala, Katwe ikiwemo, imepita hapa. Kwa hiyo mtungi anaoubeba msichana wa kwenye filamu una nasaba na Ggaba, ingawa hakuna aliyetajwa.

Na Ggaba, kama kila penye mwalo, ina kibanda cha video. Neno ni lile lile kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na maana yake karibu ni moja: mbao, mabati, mabenchi, televisheni, giza la mapazia na kiingilio cha sarafu. Siku za mpira wa Uingereza hupati pa kukaa. Siku nyingine ni filamu za mapigano, zikisindikizwa na sauti ya VJ, yule mtu anayetafsiri kwa Kiganda huku akitia chumvi zake. Mkenya anamjua DJ Afro. Mtanzania wa makamo anamkumbuka Lufufu. Mganda ana VJ Jingo na wengine wengi. Ni fani moja ya nchi tatu, nayo haikusubiri mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jioni nilipoingia mimi, nakala ya Queen of Katwe iliyokuwapo haikuwa na sauti ya VJ. Filamu imesemwa kwa Kiingereza, na Kiganda kimo kwa kupenyezwa tu. Basi kijana wa kibanda akashika maikrofoni mwenyewe, kwa mtindo wa zamani, akaanza kusimulia papo kwa papo. Alipofika kwenye chesi akapata kazi. Watu hawakujua mchezo, na filamu haikai chini kuufundisha wote. Akawaeleza kwamba mfalme ni mwenye duka aliyenenepa: husogea hatua moja, na wote wanakufa kwa ajili yake. Malkia ndiye mwanamke wa biashara, hana mpaka, anakwenda mbele, nyuma na pembeni. Na vile vidogo vya mbele ni wachuuzi: hatua moja moja, hakuna kurudi nyuma, lakini kimoja kikifika ng'ambo kinageuka malkia. Kibanda kikaguna kwa kuridhika. Nimesoma maelezo mengi ya mchezo huo. Sijakuta yaliyokuwa mepesi kuliko hayo.

Watazamaji hao hawakufanana na wa Acacia Mall. Walikuwapo wapakuaji wa mizigo, mabaharia wa mitumbwi wanaosubiri alfajiri, na, jambo lisilo la kawaida kibandani, wanawake watano au sita wa sokoni waliokuja kwa kuwa waliambiwa ni filamu ya mama. Wakakaa karibu na mlango.

Hadithi yenyewe ni ya kweli. Phiona Mutesi alikulia Katwe, baba alifariki, mama anauza sokoni na watoto wanatembeza mahindi barabarani. Mwalimu wa vijana, Robert Katende, anawaita watoto kucheza chesi, na kinachowaleta kwanza ni kikombe cha uji. Msichana anaonekana ana kichwa. Anashinda, anakwenda Juba mwaka 2009, halafu Urusi mwaka 2010 kwenye mashindano ya dunia ya Khanty-Mansiysk. Mwandishi wa michezo wa Marekani, Tim Crothers, aliandika habari zake katika jarida, akatoa kitabu mwaka 2012, na kitabu kikazaa filamu.

Nilichokwenda kutazama si hadithi, ni watu. Wenye tuzo walisifu rangi za mavazi, muziki na nyuso. Kibanda cha Ggaba kilitazama fedha.

Mama wa filamu, Harriet, anapopeleka nguo yake ya urithi kuiuza ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea usiku, wanaume wa benchi la nyuma walianza kubishana bei. Walimcheka mnunuzi kwa kuwa mchoyo, wakamcheka na muuzaji kwa kuonyesha shida usoni kabla ya kutaja bei, kosa ambalo hata mtoto wa sokoni halifanyi. Wanawake wa mlangoni hawakucheka. Mmoja alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba nguo ya namna hiyo huuzwa mara moja tu maishani, na kwamba atakayekuambia ameizoea kuuza basi hakuwa nayo.

Kaka mdogo anagongwa na boda boda, anapelekwa hospitali, na familia inatoroka na mgonjwa kwa kuwa haina cha kulipia. Mtu wa Toronto pale labda alishika moyo. Ggaba palizuka ubishi wa kweli. Wapo waliosema mama kafanya vema, deni la hospitali halifungi mshono. Wapo waliosema aliyeshonwa kwa mkopo akatoroka anamharibia wa kesho, maana kesho daktari atadai fedha kabla ya kugusa sindano. Ubishi ukawa mrefu hata kijana wa maikrofoni akasimamisha filamu wamalize. Hawakumaliza. Wakarudi nyumbani pamoja na Harriet, wakakuta mwenye nyumba amekwisha kuwatoa nje kwa kodi, na hapo pande zote mbili zikapatana, kwa kumlaani mwenye nyumba.

Kilichowaudhi wote, wake kwa waume, ni Phiona mwenyewe aliporudi kutoka Sudan. Msichana amepanda ndege, amelala kwenye kitanda cha hoteli, na sasa hataki tena kubeba beseni la mahindi. Filamu inamwelewa. Inataka na sisi tumwelewe, kwamba aliyekwisha kuona ng'ambo hawezi kurudi kama alivyotoka. Wachuuzi hawakumsamehe upesi. Kwa kosa hilo mtazamaji wa nchi tajiri huona huzuni ya kijana, lakini mtu wa sokoni huona siku moja isiyo na mauzo. Nadhani hapa filamu na kibanda vilikuwa sawa vyote viwili, na ni kipande cha filamu ninachokithamini kuliko hata ushindi wa chesi.

Mafuriko ni jambo lingine. Katika filamu mvua inakuja usiku, maji yanafagia mahali walipohamia, na mtoto mdogo nusura aende nayo. Filamu ilipotoka mwaka 2016, mtu wa Ggaba angeweza kusema hayo ni ya Katwe, ya bondeni, kwenye mitaro iliyoziba. Halafu ukaja mwaka 2020. Mwezi Mei Ziwa Viktoria likapanda hadi kuvuka alama ya 1964, na mwalo wa Ggaba ukaingia majini, vibanda, meza za samaki na fukwe za starehe pamoja. Watu walifanya biashara wakiwa na maji magotini. Sasa kibanda kilipoiona ile mvua ya filamu, hakuna aliyeguna. Mwanamume mmoja alitoka nje akavuta sigara, akarudi mvua ilipokwisha.

Yapo waliyoyakataa. Kiingereza cha Lupita Nyong'o na cha David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria aliyecheza kama Katende, kiliwachekesha; walisema mama wa Katwe anayesema hivyo angekuwa ameajiriwa benki. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba kutoka upande wa Kenya alimtetea Lupita kwa nguvu zote, kama mtu anayetetea timu yake, akawakumbusha kwamba Waganda wangekuwa na Oscar wangeitundika kwenye mnara wa saa. Watoto, wote walikubali, walikuwa watoto kweli. Madina Nalwanga, aliyecheza kama Phiona, alipatikana kwenye kundi la ngoma hapa Kampala, na naye utotoni aliwahi kuuza mahindi barabarani. Mikono haidanganyi: anavyoliweka beseni kichwani ni kazi ya mtu aliyekwisha kulibeba.

Lakini malalamiko mazito yalihusu Katwe yenyewe, na yalitoka kwa watu wanaokwenda huko kununua. Kwa nusu ya wasomaji wa gazeti hili Katwe si kitongoji cha maskini. Ni mahali unapoagiza mashine ya kusaga, ya kukoboa, ya kukatia majani ya ng'ombe, jiko la mkate, geti la chuma. Mafundi wake wanachomelea alfajiri hadi usiku, na mashine zao zinavuka mpaka kuelekea Goma, Juba na Kigali. Filamu inayapita haya haraka, ikatulia kwenye matope, reli na mabati. Mpakuaji mmoja aliyewahi kufanya kazi ya chuma huko alisema kwamba ukimpiga picha tajiri akiwa kitandani na homa utasema ni maskini. Sikubaliani naye moja kwa moja, maana matope nayo yapo na watoto wanaishi humo. Ila alichokisema ndicho kinachoudhi miji yetu mingi: umaskini hupata mpiga picha kabla kazi haijampata.

Si Kampala tu. Slumdog Millionaire, filamu ya mtoto wa mabanda ya Mumbai, ilizoa Oscar 8 Februari 2009. Mtaji wake ulikuwa karibu sawa na wa Queen of Katwe, dola milioni 15, na mauzo yakapita dola milioni 370 duniani. Huko India baadhi ya wakazi wa mabanda waliandamana, si kwa sababu ya umaskini ulioonyeshwa bali kwa jina, maana liliwaita mbwa. Miezi michache baada ya tuzo, kibanda cha familia ya mmoja wa watoto waliocheza kikabomolewa na mamlaka ya mji, na watu wakaanza kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mira Nair alilikuta swali hilo mapema zaidi, kwa Salaam Bombay! ya mwaka 1988, iliyochezwa na watoto wa mitaani. Mapato yake yalisaidia kuanzisha Salaam Baalak Trust, inayohudumia watoto wa mitaani India. Hilo niliwaambia kibandani baada ya filamu. Wakataka kujua tu kama shirika hilo linatoa mikopo.

Jirani zetu wana mfano wa tatu. Nairobi Half Life, ya David ‘Tosh’ Gitonga, ilitoka mwaka 2012, ikampa Joseph Wairimu tuzo ya mwigizaji bora Durban, na Kenya ikaipeleka kwenye mchujo wa Oscar kwa mara ya kwanza katika historia yake. Imesemwa kwa Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Kijana anaondoka kijijini, ambako aliuza filamu za kunakiliwa, anaingia Nairobi na mzigo wa redio ya mtu na fedha za mtu, na anaporwa siku ya kwanza kabla hajajua kusini ni wapi. Anayesafiri usiku na basi la Kampala hadi Nairobi haelezwi zaidi. Kila niliyemtajia alikuwa ameiona, na kila mmoja alikuwa na habari yake ya River Road.

Tofauti ya filamu hizo mbili nadhani iko hapo, na ndiyo jibu la lile swali la mzigo uliokwama. Nairobi Half Life ilisemwa kwa lugha ya mtu anayezungumziwa. Queen of Katwe ilisemwa kwa Kiingereza, ikawekwa kwenye kumbi za maduka makubwa, na ilimhitaji muuza mahindi avae vizuri, apande daladala mbili na kulipa kiingilio cha mauzo ya siku nzima ili ajione. Huko Marekani nako haikupata watu wa kutosha. Ikabaki katikati: wenye fedha hawakuja kwa wingi, na wenye hadithi hawakufikiwa. Walioifikisha Ggaba ni wenye vibanda na wauzaji wa filamu za kupakia kwenye flashi, watu ambao sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 haiwatambui kama wasambazaji bali kama wezi.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua hali hii kuliko wanasheria. Penye lango la gharama, bidhaa hutafuta njia ya panya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ililiona hilo kwa nyanya na vitenge, ikaweka utaratibu rahisi: mzigo usiozidi dola 2,000 unavuka kwa cheti chepesi cha asili, bila wakala. Kwa hadithi hakuna cheti cha namna hiyo. Mwenye kibanda hana njia nyepesi ya kulipia haki ya kuonyesha filamu moja kwa watu arobaini, hata akitaka. Na nilipomuuliza yule wa Ggaba kama angelipa, alijibu kwamba analipa umeme, kodi ya kibanda, leseni na king'amuzi, na kwamba mtu wa filamu ndiye pekee ambaye hajawahi kuja kumdai.

Kuna waliotatua tatizo hilo kwa njia yao, hapa hapa Kampala. Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo Disney isingenunulia chakula cha mchana. Waigizaji walitembeza diski wenyewe mkononi, mlango kwa mlango, kabla wanakilishaji hawajaamka. Filamu imepigwa kwenye mtaa wa maskini, na maskini hawamo: wamo makomando, helikopta na kung fu. Ukimwachia mtu wa mabanda kamera, ya kwanza atakayopiga si shida yake. Ile anaijua.

Usiku ule filamu iliisha kwa kile kipande kinachosifiwa kote, waigizaji wakisimama bega kwa bega na watu halisi waliowaigiza. Kibanda kikaamka. Walipiga makofi kwa mara ya kwanza, wakawa wanalinganisha nyuso, yule mnene zaidi, yule mrefu zaidi, na mama halisi wakasema ndiye mwenye macho ya biashara. Niliwaambia kwamba Nikita Waligwa, yule mtoto anayemfundisha Phiona kete, alifariki Februari 2020 kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 15. Makofi yakakoma. Mwanamke mmoja akauliza mama yake angali hai, na sikuwa na jibu la kumpa.

Walipotoka, swali lilikuwa nyumba. Phiona anamnunulia mama yake nyumba, na filamu haisemi bei. Hilo halikukubalika. Wakabishana hadi barabarani kwamba ni kiwanja cha wapi, kina hati au ni cha kibanja, na nani alishuhudia. Mnunuzi mmoja wa mukene, aliyekuwa anasubiri lori la kwenda Mpondwe, alipita kwa muuza filamu akaomba aipakiwe kwenye flashi akawaonyeshe wenzake Kasindi, lakini kwa Kiswahili. Akaambiwa kwa Kiswahili haipo. Akauliza ya Nairobi, ile ya kijana na redio. Ipo. Akalipa, akaifunga flashi kwenye ncha ya leso pamoja na fedha za lori.